Mkono Mwepesi Si Kipimo cha Akili

Kora huchezwa kwa vijiwe na mkono mmoja. Mchezaji hurusha kijiwe juu, na kikiwa bado hewani hukokota vingine kutoka kwenye kishimo au duara lililochorwa, kisha hudaka kile cha juu kabla hakijaanguka. Katika mrusho unaofuata huvirudisha vyote isipokuwa kimoja, ambacho huwa chake. Akikosa kudaka, au akibakiza viwili mahali pa kimoja, zamu huhamia kwa mwenzake. Tanzania mchezo huo huitwa mdako. Huku Mwello, kwenye ukanda wa mpaka wa Busia na Tororo, kora ndio mchezo wa kasi usiogharimu hata shilingi, ya Kenya wala ya Uganda, na huchezeka mezani sawasawa na chini ya mwembe.

Kila muhula unapofunguliwa, wazazi hurudia swali lilelile: ni mchezo gani wa kasi utakaomwongezea mtoto akili? Hakuna. Swali lenyewe limejengwa juu ya dhana kwamba mkono mwepesi ni dalili ya ubongo mwepesi, kwa hiyo anayeufua mkono anaufua ubongo pia. Dhana hiyo ina makosa matatu yaliyobebana.

Kosa la kwanza ni kuamini kwamba kora ni mchezo wa refleksi. Refleksi ni mkono unaojitoa kwenye sufuria ya moto kabla mtu hajasikia maumivu: amri hutoka kwenye uti wa mgongo, na ubongo hupewa taarifa baadaye. Haina haja ya mazoezi. Kudaka kijiwe ni kazi nyingine kabisa. Kijiwe kilichorushwa sentimita 30 juu ya kiganja hukaa hewani nusu sekunde hivi, na kilichorushwa mita 1 hukaa sekunde 0.9. Mtu mzima huhitaji karibu robo ya sekunde kuona ishara na kuanza tu kusogeza kidole. Mtoto wa miaka 6 huhitaji muda mrefu zaidi. Anayesubiri mpaka aone kijiwe kinashuka ndipo apeleke mkono atakuwa amechelewa, awe na akili za namna gani.

Mtoto hodari wa kora hasubiri. Amekwisha kujua kijiwe kitaangukia wapi tangu kilipotoka vidoleni, kwa kuwa yeye ndiye aliyekirusha. Tofauti kati yake na anayeanza huonekana kwenye mrusho zaidi kuliko kwenye udakaji. Anayeanza hurusha juu sana akitafuta muda, lakini mrusho mrefu hupinda, naye huishia kukikimbiza kijiwe huku ameacha kishimo. Hodari hurusha kiasi tu cha kumtosha, wima, na macho yake hushughulika zaidi na vilivyo chini. Anachokifanya ni kukisia kwa usahihi, ujuzi uliojengwa kwa mirusho mingi ya kijiwe kilekile. Mpe mpira wa tenisi mahali pa kijiwe na nusu ya uhodari huo hutoweka hapohapo.

Kosa la pili ni kusahau umri. Kasi ya mtoto ya kuona, kuamua na kutenda hupanda yenyewe mwaka hadi mwaka mpaka katikati ya ujana. Mtoto wa miaka 10 humshinda mdogo wake wa miaka 6 kwa sababu amezaliwa kwanza. Mzazi aliyenunua mchezo Januari na kuona mabadiliko Desemba huusifu mchezo, ilhali Desemba ingefika tu. Ni kweli kwamba wanasaikolojia wamekuta uhusiano kati ya kasi ya kuitikia ishara na alama za vipimo vya akili. Lakini uhusiano huo ni wa wastani, una watu wengi wanaoukanusha kwa mifano yao wenyewe, na hauna maana kwamba kukiongeza kimoja kunakiinua kingine. Warefu huvaa viatu vikubwa, na hakuna aliyerefuka kwa kubadilisha viatu.

Kosa la tatu ndilo linalouza bidhaa: kwamba zoezi la kitu kimoja huhamia kwenye vingine vyote. Edward Thorndike na Robert Woodworth walilipima dai hilo mwaka 1901 wakakuta mazoezi hunufaisha kilichofanyiwa mazoezi, na vile tu vinavyofanana nacho sana. Mwaka 2010 watafiti wa Uingereza wakishirikiana na BBC walichapisha katika jarida la Nature matokeo ya watu wazima 11,430 waliofanya michezo ya ubongo kwa kompyuta kwa wiki 6. Walikuwa hodari zaidi katika michezo ileile, na si zaidi ya hapo. Mwaka 2016 kampuni inayouza michezo ya ubongo ya Lumosity ilikubali kulipa dola milioni 2 nchini Marekani baada ya kushtakiwa na tume ya biashara kwa matangazo ya udanganyifu. Zaidi ya karne ya ushahidi, na bado boksi lenye picha ya ubongo unaong'aa huuzwa kwa mzazi ambaye ada ya muhula hajaimaliza. Pakiti ya glukosi inayokorogwa kwenye chupa asubuhi ya mtihani iko katika fungu hilohilo. Hiyo ni sukari, na mtoto aliyekula uji hana upungufu wake.

Michezo ya karata ya kasi huonyesha jambo ambalo wauzaji hawalisemi. Katika mchezo wa watu wawili wanaofunua karata moja moja na kupiga meza namba zikifanana, karata mbili zilizochanganywa vizuri kutoka pakiti ya 52 hufanana mara moja tu kati ya 17. Mara 16 zilizobaki mkono unatakiwa utulie. Anayeshindwa mara nyingi ni yule ambaye kiganja chake kimeshuka kabla jicho halijamaliza kazi, wala si mzito. Dobble, uliotoka Ufaransa mwaka 2009, ni tofauti: karata zozote mbili zina picha moja inayofanana, kila mara, kwa hiyo hapo kazi ni kuitafuta. Mchezo mmoja hufunza kujizuia, mwingine kupekua kwa macho, kora hufunza kukadiria. Hakuna hata mmoja unaomfanya mtoto atulie darasani, maana darasani hakuna karata.

Kama mtoto ni mzito kuliko wa rika lake, sababu za kuangaliwa kwanza hazimo ndani ya boksi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, watafiti walikadiria kwamba mtu mmoja wilayani Tororo aliumwa na mbu wenye vimelea vya malaria mara 562 kwa mwaka. Upuliziaji wa dawa majumbani, ulioanza huko mwishoni mwa 2014, ulipunguza sana ugonjwa, lakini haukuumaliza. Kati ya watoto waliotibiwa malaria ya ubongo Kampala na kufuatiliwa kwa miaka 2, karibu mmoja kati ya wanne alibaki na upungufu wa uwezo wa kufikiri, hasa umakini. Hapa chandarua kinafanya kazi ambayo hakuna karata iliyowahi kuifanya. Baada ya malaria kuna upungufu wa damu, minyoo, usingizi mfupi, na macho yasiyoona ubao.

Kwa anayetaka kucheza, mambo ni machache. Kora huanza kufurahisha karibu miaka 6. Kabla ya hapo mtoto achote kijiwe kimoja, au arushe kifundo cha kitambaa ambacho hushikika kwa urahisi. Karata za kupiga meza zinawafaa wa miaka 5 iwapo wanatambua namba, la sivyo walinganishe rangi, ambapo mkono hupata kazi mara nyingi zaidi. Mkubwa akicheza na mdogo atumie mkono wa kushoto, au ahesabu mpaka mbili kabla ya kupiga. Pete zivuliwe, kucha zikatwe. Anayepiga kimakosa apoteze karata moja, vinginevyo wote watapiga kila kitu. Dakika 10 hadi 15 zinatosha, na mchezo ukomeshwe kabla ya ugomvi. Palipo na mtoto wa chini ya miaka 3, kijiwe kinachopenya kwenye bomba la katikati la karatasi ya chooni kinaweza kumkaba koo: vijiwe vihesabiwe kabla ya mchezo na baada yake, na kinachokosekana kitafutwe kabla mtu hajainuka.