Mashine ya boti ikimisi: Itengenezwe uani, lakini petroli isikae kwenye chupa ya maji

Bagamoyo. Boti ikirudi pwani huku mashine inakatakata, mara nyingi kazi ya kuitengeneza haifanyiki ufukweni. Mashine hufunguliwa, hubebwa begani hadi nyumbani na kufungwa uani kwenye mbao au gogo. Baba anatafuta spana, mama yuko kwenye jiko la mkaa hatua chache pembeni, na watoto wamesogea kutazama.

Hali hiyo si ngeni kwa familia za wavuvi kuanzia Kunduchi na Mbweni hadi Mlingotini, Dunda na Saadani. Mashine ndiyo shamba lao. Kila siku inayolala ni siku ya kukosa samaki, kwa hiyo baba hujaribu mwenyewe kwanza kabla ya kutafuta hela ya fundi.

Kujaribu si kosa. Mambo mengi yanayofanya mashine imisi ni madogo na yanaweza kurekebishwa nyumbani. Hatari huja pale petroli inapotolewa kwenye tangi na kuwekwa kwenye chombo chochote kilicho karibu: chupa ya maji, chupa ya soda, kikombe au bakuli la jikoni.

Mtoto wa miaka miwili hajui tofauti. Tena oili nyingi zinazochanganywa na petroli ya mashine za boti zimetiwa rangi, hivyo mchanganyiko ukiwa kwenye chupa unaweza kuonekana kama juisi.

Kwa sababu hiyo, utaratibu mzuri wa kutafuta tatizo ni kuanza na yale yasiyohitaji kumwaga petroli hata tone. Utaratibu huo ni salama kwa familia, na pia humwokolea fundi muda.

Anza bila kumwaga petroli

La kwanza ni kifuniko cha tangi. Matangi mengi ya kubebeka yana skrubu ndogo ya kuingizia hewa. Ikiwa imefungwa, mashine huwaka vizuri, hukimbia dakika chache, kisha huanza kukohoa na kuzima kwa kukosa mafuta. Wapo wanaofungua kabureta nzima, kumbe skrubu hiyo tu ndiyo ilisahaulika.

La pili ni mpira wa mafuta. Ukaguliwe kama umejikunja, umepasuka au unavuja kwenye maungio. Kile kipira cha kuminya kilicho katikati kinatakiwa kuwa kigumu baada ya kuminywa mara kadhaa. Kikibaki laini, huenda hewa inaingia mahali fulani au vali yake imechoka.

La tatu ni plagi. Mashine ikiwa imezimwa na kupoa, plagi hufunguliwa na kutazamwa. Ncha yenye rangi ya kahawia kwa kawaida ni dalili njema. Nyeusi yenye mafuta huonyesha kwamba oili imezidi au moto ni hafifu. Nyeupe sana huonyesha kwamba mashine inapata joto kupita kiasi au petroli haifiki ya kutosha. Chumvi na kutu kwenye kofia ya plagi na nyaya zake navyo hukata moto.

Kwa mashine yenye plagi mbili, kuna njia rahisi: badilishaneni nafasi zake. Tatizo likihamia upande wa pili, plagi ndiyo mbovu. Likibaki palepale, tafuteni kwingine. Kupima cheche kwa kushika waya huku mashine inavutwa kuachwe kwa fundi, kwa sababu umeme wake ni mkali na cheche hiyo inaweza kuwasha mvuke wa petroli.

Petroli ikibidi kutolewa

Hayo yote yakiwa sawa, shaka hubaki kwenye mafuta yenyewe. Maji huingia kwenye tangi kwa mvua, mawimbi au unyevu, na petroli iliyokaa muda mrefu huharibika. Mchanganyiko nao ni chanzo kingine. Mashine nyingi hutaka uwiano wa 50 kwa 1, yaani mililita 400 za oili kwa lita 20 za petroli, lakini kitabu cha mashine husika ndicho cha kufuatwa.

Kujua kama kuna maji, petroli kidogo huwekwa kwenye chombo kinachoonyesha ndani na kuachwa itulie. Maji ni mazito, kwa hiyo hukaa chini na kujitenga. Chombo hicho kiwe cha kazi hiyo tu, kiwekewe alama, na kisirudi jikoni kamwe.

Kabla ya kufungua, jiko la mkaa lizimwe au kazi ihamishwe mbali nalo. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hutambaa chini hadi kwenye moto, kisha moto hurudi ulikotoka mvuke. Sigara na taa ya moto vikae mbali. Moto ukitokea, ondoeni watu kwanza na mpige 114, namba ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Petroli inayowaka isimwagiwe maji, kwani huelea juu yake na kusambaa.

Kuvuta petroli kwa mdomo kupitia mpira nako kuachwe. Tone likipita njia ya hewa, mapafu huumia, awe mtoto au mtu mzima. Pampu ya mkono inafanya kazi hiyohiyo.

Kuwasha kwa majaribio

Mashine isiwashwe kavu, kwa sababu pampu yake ya maji ya kupozea huharibika haraka. Iwekwe kwenye pipa la maji, pangaboi ikiwa imetolewa, na mtazame kama mkondo mwembamba wa maji unatoka. Watoto wakae mbali kabisa.

Majaribio yafanyike mahali pa wazi, si bandani wala barazani karibu na dirisha. Moshi wa mashine una kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, inayozuia damu kubeba oksijeni. Anayeumwa kichwa, kizunguzungu au kichefuchefu wakati mashine inawaka atolewe kwenye hewa safi mara moja na apelekwe kituo cha afya.

Mtoto akinywa petroli

Usimtapishe. Petroli ikiwa tumboni hatari yake kubwa ni kurudi juu na kuingia kwenye mapafu, ambako husababisha uvimbe mkali. Kumpa maziwa au mafuta ya kula, kama wengi walivyozoea, hakuondoi sumu na kunaweza kumfanya atapike.

Mvue nguo zilizolowa, osha ngozi kwa maji na sabuni, kisha mkimbize kituo cha afya mkiwa na chupa aliyonywea. Petroli ikiingia machoni, osha kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 15.

Kukohoa, kupumua kwa haraka, kukoroma au kusinzia ni dalili za hatari. Hata hivyo, asiyeonyesha dalili naye apelekwe, kwa kuwa shida ya kupumua inaweza kuanza saa kadhaa baadaye.

Kabla ya kurudi baharini

Mashine iliyopona uani haijapona baharini. Ijaribiwe kwanza karibu na pwani, ikiwa na mzigo, boti ikiwa na makasia na majaketi ya kuokolea. Kabureta au umeme ukiendelea kusumbua, hapo ni kwa fundi. Gharama yake ni ndogo kuliko boti kuzimika mbali na nchi kavu wakati kusi inavuma.

Jioni kazi ikiisha, petroli iliyobaki irudishwe kwenye dumu lenye alama, lifungwe na liwekwe nje ya vyumba vya kulala, mahali mtoto hafiki. Matambara yaliyolowa yasiachwe ndani. Na baba, kabla ya kumbeba mtoto aliyekuwa akimsubiri siku nzima, abadilishe shati na anawe mikono kwa sabuni.