Je, Wajua? Shujaa Mzimu wa Ngara na Biharamulo

Mwaka 1936 Mmarekani Lee Falk alianza kuchapisha gazetini katuni ya The Phantom, shujaa anayedhaniwa kuwa mzimu usiokufa. Je, wajua kwamba nchi za Maziwa Makuu zilikwisha kuwa na shujaa mzimu wao?

Ni Lyangombe, mwindaji hodari ambaye Warundi humwita Kiranga.

Masimulizi ya Rwanda yanaeleza kwamba mama yake alimsihi asiende kuwinda. Akakaidi, akauawa na nyati penye mti wa maua mekundu, na wenzake wakafa naye. Tangu hapo, waumini husema, roho yake huwapanda watu na kunena kwa vinywa vyao. Mizimu ya aina hii ilijengewa vibanda vyake uani.

Ibada za mizimu hii hazikujua mipaka ya leo. Bugufi, iliyoko Ngara, ilikuwa sehemu ya ufalme wa Burundi kabla ya Waingereza kuiweka Tanganyika. Kwa Wazinza, ambao nchi yao ya jadi inagusa Biharamulo, mizimu ya Wachwezi, kundi ambalo Lyangombe huhesabiwa humo, iliandikiwa kitabu kizima na Svein Bjerke mwaka 1981.

Wachoraji katuni wa Tanzania, waulizeni wazee wa huko, kisha mkichore kisa hiki!