Kaburi Lenye Mwaka: Kuisoma Gede kama Matini

Wahakiki wetu wakitamka "matini" huwaza karatasi tu. Haya, twende Gede, kusini kidogo mwa Malindi. Mji huu, uliohamwa mwanzoni mwa karne ya 17, haukutuachia kitabu, ulituachia makaburi. Moja limechorwa kwa Kiarabu mwaka 802 wa Hijria, yaani 1399 wa Miladi. Jambo dogo ati! Lakini James Kirkman, aliyeanza kuchimba hapo mwaka 1948, alilishika kama nanga, na umri wa sehemu nyingine za magofu ukakadiriwa kutokana nalo.

Makaburi mengine hayana maandishi, ila si mabubu. Nguzo ndefu ya mawe, mtindo wa pwani yetu hii, inatangaza cheo cha aliyelala chini yake. Na vile vishimo vya duara tuvionavyo kwenye makaburi ya pwani? Humo yalipachikwa mabakuli ya kaure ya China, mengi yameng'olewa.

Sasa swali la mhakiki: nani hasimuliwi? Waliokaa nyumba za udongo, nao ndio wengi, hawana nguzo wala bakuli. Tunachokisoma Gede ni maneno ya wenye majumba ya mawe.