Kuhama na Ndugu Mwenye Ulemavu wa Akili



Mwanzoni mwa mwaka 2008 Wakenya waliokimbia ghasia za uchaguzi walivuka mpaka Busia na Malaba. Wengi walikaa Mulanda, wilaya ya Tororo, kisha wakahamishiwa Kiryandongo.

Kuhama hivyo humchosha kila mtu, lakini mwenye ulemavu wa akili hupoteza zaidi: njia ya bombani, jirani anayemwelewa, ishara yake ya kuomba maji. Akipiga kelele usiku wa kwanza watu husema ana pepo. Sivyo. Hajui yuko wapi.

Basi, anayemzoea asitenganishwe naye. Mtajeni mlezi wakati wa kuandikishwa, si siku ya lori. Mhudumu mpya akae na yule mzoefu siku kadhaa, aone kwa macho jinsi anavyolishwa na kutulizwa. Maelezo ya mdomo hayatoshi. Mkifika, mwonyesheni choo na bomba kwa njia ileile, kila siku, hata wiki nzima. Mkeka wake msiuache nyuma.

Wala msimfungie ndani kwa sababu ya aibu. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu, ambao Kenya na Uganda ziliuridhia mwaka 2008, unasema katika kifungu cha 19 kwamba ana haki ya kuishi katika jamii, na kuchagua aishi wapi na nani. Kwa hiyo mwulizeni na yeye. Asiyesema huonyesha.

Majirani wapya waambieni jina lake na anachopenda.