Mirija yachukua kazi ya simbilisi

Zamani kiwanda cha sabuni Ulaya kikitaka kujua kama kemikali mpya italeta mzio wa ngozi, kilimpaka simbilisi mgongoni na kusubiri wekundu. Baadaye wakaja panya: kemikali inapakwa masikioni, kisha tezi za karibu zinapimwa kama zimeanza kuvimba.

Sheria ndiyo iliyoigeuza biashara hiyo. Mwaka 2013 Umoja wa Ulaya ulifungia soko lake vipodozi vilivyojaribiwa kwa wanyama. Sabuni za kufulia na dawa za kusafishia sakafu hazikuguswa na katazo hilo, ila 2016 nazo zikafikiwa na kanuni za kemikali: kwa mzio wa ngozi, anza na mirija ya maabara, mnyama awe wa mwisho. Waliojiandaa mapema wakapata cha kuuza. Kipimo cha KeratinoSens ni cha Givaudan, kampuni ya manukato ya Uswisi; kile cha h-CLAT kilitoka Japani, kwa Kao na Shiseido. Yaani wauza manukato na sabuni ndio waliojichongea mizani. Si ajabu, kwani wao ndio wenye mzigo wa kupima.

Mzio huanza kemikali inapong'ang'ania protini za ngozi. Kwa hiyo kipimo cha DPRA huichanganya na vipande vidogo vya protini, na baada ya saa 24 huhesabu vilivyosalia huru. KeratinoSens huangalia seli za ngozi zinavyoshtuka, h-CLAT seli za kinga zinavyoamka. Mwongozo namba 497 wa shirika la kimataifa la OECD, wa 2021, unakubali uamuzi pale vipimo viwili kati ya hivi vitatu vinapoafikiana.

Lakini uamuzi huo ni ndiyo au hapana tu, na hasara ya dukani hutokana na kiasi. Kihifadhi methylisothiazolinone kilijulikana mapema kuwa kinaleta mzio, na bado mwaka 2005 Ulaya iliruhusu sehemu 100 kwa milioni katika vipodozi. Kikaingia hadi kwenye tishu za majimaji za kupangusia watoto, na kliniki za ngozi zikajaa. Leo katika vipodozi vya kusuuza, mwisho ni sehemu 15, na tangu Mei 2020 hata sabuni ya vyombo ikifikisha 15 lazima ibandikwe onyo la mzio.

Mkemia wa kiwanda, basi, anataka namba. SenzaGen ya Lund, Sweden, tayari inamuuzia: GARDskin Dose-Response, kipimo kinachosoma jeni za seli ili kukadiria ukali wa kemikali.