Kasho si ya burgumestre, lakini barabara ni yake

Mu Kolwezi tunajua ile njia. Baba anakamatwa jioni akitoka ku kariere, asubuhi mama anakwenda mbio ku komini kumuomba burgumestre amufungulie. Anangoja mpaka saa sita. Kisha anaambiwa: «Mama, kasho si yangu.» Anarudi nyumbani akifikiri wamemudanganya.

Hawakumudanganya. Juu ya mtu aliyefungwa, OPJ anajibu kwa parke, hapana kwa komini. Katiba yetu, artikle 18, inasema aambiwe mara moja sababu ya kukamatwa, mu luga anayosikia, na aweze kuongea na jamaa yake. Masaa 48 yakiisha, wamuache ao wamupeleke mbele ya sheria. Basi mama, andika saa aliyokamatwa. Ikipita, enda ku parke.

Lakini kusema burgumestre hana kazi na polisi, hapo tunakataa. Sheria ya tarehe 7 Oktoba 2008 inamupa ulinzi wa utulivu mu komini, na polisi yenye iko pale inamutumikia kwa kazi hiyo. Wezi wakiingia ku kartier usiku, anaweza kuita komanda na kutaka doria. Bariere zikiota barabarani siku ya mshahara (tunazijua wote!), yeye njo wa kuuliza nani aliziweka. Shida ni kwamba mshahara na vyeo vya polisi vinatoka Kinshasa, na ile polisi ya migodi, PMH, iko na wakubwa wake mbali na komini. Ni jembe bila mpini.

Tena, kwa miaka mingi burgumestre mwenyewe aliwekwa kwa amri ya Rais. Mtu anaogopa yule aliyemuweka. Sheria ileile ya 2008 inataka achaguliwe na washauri wa komini, na washauri hao tuliwapigia kura tarehe 20 Desemba 2023. Wao hawakai Kinshasa. Tunakutana nao ku soko na ku matanga.

Kuko na baraza ya usalama ya komini, CLSP, yenye dekre ya 2013 iliweka, na burgumestre njo anaiongoza. Ukikutana na mshauri wako, muulize: ilikaa lini mara ya mwisho, na nani aliongea mule juu ya bariere?