Picha ya runinga ikikatika, anza na kigawanyi mawimbi

NI jambo la kawaida mitaani: antena moja juu ya paa, runinga mbili au tatu ndani ya nyumba, na malalamiko kwamba baadhi ya stesheni zimetoweka tangu waya upelekwe chumbani.

Enzi za analojia, zilizokoma nchini mwaka wa 2015, mawimbi hafifu yalileta chenga tu, na mtu aliweza kuvumilia taarifa ya habari hivyo hivyo. Dijitali haina subira hiyo. Picha husalia safi hadi mawimbi yashuke chini ya kiwango fulani, kisha hukatika vipande vipande, sauti hukwama na kioo huwa cheusi. Hivyo king'amuzi hulaumiwa bure.

Kigawanyi, ambacho wauzaji hukiita splita, hakiongezi chochote. Chenye matundu mawili ya kutolea hupunguza mawimbi kwa takriban desibeli 3.5, yaani kila runinga hupata chini ya nusu ya nguvu. Cha matundu manne hupunguza takriban desibeli 7, na kila runinga hubaki na thuluthi au robo? La, sehemu moja kwa tano tu.

Ili kujua penye kasoro, ondoa kigawanyi na uunganishe waya wa antena moja kwa moja kwenye king'amuzi, kisha utazame vipimo vya nguvu na ubora katika menyu. Ubora ukipanda, kosa liko kwenye kigawanyi au nyaya zinazokifuata. Usipopanda, kagua antena, waya wake na viungo. Uzi mmoja wa wavu wa nje ukigusa waya wa katikati watosha kuharibu kila kitu.

Wengi hukimbilia kununua kikuza mawimbi. Chapaswa kukaa karibu na antena, kabla ya waya mrefu, kwani kikiwekwa mwishoni hukuza pia uchafu uliokwisha kuingia. Aidha, kikuza cha juu ya paa hupata umeme kupitia waya uo huo. Kigawanyi kisichopitisha umeme kikiwekwa katikati, kikuza huzimika, na picha huwa mbaya kuliko awali.

Kwa dishi la setilaiti, kigawanyi cha aina hii hakifai. Ving'amuzi viwili huhitaji kipokezi chenye matundu mawili.